Nyuma pana kwenye Subaru: kazi ya Ngara ni nzuri, ila njoo na tepu yako

Kwenye maduka ya rimu ya Ngara na kule Kirinyaga Road, ambako mafundi wa siku nyingi bado wanakuita Grogan, mwenye Subaru huulizwa kwanza inchi, kisha rangi. "Kumi na saba ama kumi na nane? Nyeusi ama silva?" Akishajibu, seti inashushwa ukutani: mbili nyembamba za mbele, mbili za nyuma zenye mdomo mpana unaong'aa. Inapendeza, hilo hatubishi. Lakini kuna swali ambalo lingeokoa giaboksi: gurudumu la mbele na la nyuma, kila moja linatembea milimita ngapi likizunguka mara moja? Mara nyingi hilo haliulizwi, si na muuzaji, si na mnunuzi.

Tunapima hapa kazi nzima, kuanzia jinsi seti zinavyopangwa hadi nati ya mwisho inapokazwa, kwa gari ambalo halikosi mtaa wowote wa Nairobi: Subaru Impreza GH, iliyoundwa kati ya 2007 na 2011, otomatiki ya gia nne, stadi (bolti za kufungia rimu) tano kwenye duara la milimita 100, kipimo kinachoandikwa 5x100. Forester SH na Legacy za miaka hiyo ziko kwenye hesabu ileile. Namba za tairi tu ndizo zinabadilika.

Upana peke yake hauvunji kitu ndani ya gari. Kinachovunja ni mzingo, yaani umbali ambao gurudumu linatembea likizunguka mara moja. Gari ambalo injini inasukuma magurudumu yote manne linataka ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa barabara ikinyooka. Kwa Subaru, mwongozo unaotajwa ni kwamba mizingo ya tairi nne isipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo: milimita 2. Ukiangalia kina cha meno ya tairi, hiyo ni milimita 1 tu ya kuchakaa. Ni nafasi finyu sana, na ndiyo maana kauli ya "inapishana kidogo tu, haina shida" haifai kwa gari hili.

Hesabu yenyewe inafanyika kwenye simu ukiwa umesimama kaunta. Upana mara asilimia ya ukuta, mara mbili, jumlisha inchi za rimu mara 25.4. Tairi ya 205/55R16: 205 mara 0.55 ni 112.75, mara mbili ni 225.5, ongeza 406.4, unapata kipenyo cha milimita 631.9. Tairi ya 225/50R16 inatoa 631.4. Zinapishana nusu milimita. Hiyo ndiyo seti bora kwa gari hili: rimu ya 16x6.5 mbele, 16x7.5 nyuma. Nayo 205/55R16 ni moja ya saizi ambazo gari hili lilitoka nazo kiwandani, kwa hiyo hata spidomita haidanganywi. Tatizo lake ni moja: inchi kumi na sita haiuzi. Utaambiwa ni ya mzee.

Seti ya inchi 17 inayopendekezwa kwa wingi ni 225/45 mbele na 245/40 nyuma. Mbele 634.3, nyuma 627.8. Tofauti ni milimita 6.5 za kipenyo, zaidi ya milimita 20 za mzingo. Kwa BMW ya kusukumwa na nyuma peke yake, hakuna neno. Kwa Impreza ni mara tatu ya kiwango. Hii ndiyo seti hatari kuliko zote kwa sababu kwa macho inaonekana sawa. Hata fundi mzuri akisimama kando hataona tofauti ya milimita tatu za nusu kipenyo.

Halafu kuna ile ya 215/45 mbele na 245/45 nyuma, yaani mtu ameongeza upana akasahau kwamba 45 ni asilimia ya upana wenyewe, siyo kimo cha kudumu. Tairi ikipanuka na namba ya pili ikabaki palepale, ukuta nao umerefuka. Mbele 625.3, nyuma 652.3. Tofauti ya milimita 27. Hiyo usiikubali hata ukipewa bure.

Ukisisitiza inchi 17, jozi inayolingana ni 225/45 mbele na 255/40 nyuma: 634.3 kwa 635.8. Mzingo unapishana chini ya milimita 5. Hesabu inapita, mwili wa gari ndio unakataa. Tairi ya 255/40 inataka rimu ya inchi 8.5 kwenda juu, kwa kawaida utapewa 9. Rimu ya kiwandani ya inchi 17 ni 17x7 yenye ofseti ya ET55, yaani uso wa kufungia uko milimita 55 nje ya katikati ya upana wa rimu. Weka 17x9 ya ET45 na mdomo wa nje unasogea nje milimita 35, wa ndani unasogea ndani milimita 15. Kwa ndani unakaribia shokabsoba, kwa nje fenda. Watu watatu wakikaa kiti cha nyuma na gari likapanda tuta la mtaani, mpira unakwangua ukingo wa fenda hadi rangi inatoka. Dawa ya gereji ni kukunja ukingo wa fenda kwa ndani au kuinua springi. Ya kwanza inafungua njia ya kutu, ya pili inabadilisha gari ambalo halikuwa na shida. Kwenye inchi 18, 225/40 mbele na 255/35 nyuma zinalingana pia (637.2 kwa 635.7), lakini ukuta wa tairi ya nyuma ni milimita 89 tu. Kwa mashimo ya Industrial Area baada ya mvua, hiyo ni kununua rimu za kupinda.

Sasa ndani ya giaboksi, maana hapo ndipo pesa inapopotelea. Kwenye otomatiki ya gia nne, nguvu ya kwenda nyuma inapita kwenye rundo la sahani za klachi lililo mkiani mwa giaboksi, likiwa ndani ya ATF, mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Kompyuta inalibana na kulilegeza kwa solenoidi. Kwa kawaida mgawo ni kama 60 mbele kwa 40 nyuma. Sahani hizo zimeundwa kuteleza kidogo, kwa muda mfupi, kama unapokata kona au gurudumu linapokanyaga matope. Chukua ile seti ya 215/45 na 245/45. Kwa vipimo vya ubavuni, mbele inazunguka mara 509 kwa kilomita, nyuma 488. Hiyo mizunguko 21 haina pa kwenda. Difu ikiwa ya 4.11, yaani propela inazunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja, ni mizunguko 86 ya propela inayosagwa na zile sahani katika kila kilomita ya barabara iliyonyooka. Nairobi hadi Nakuru, kilomita 160 hivi, ni karibu mizunguko 14,000. ATF inachemka, inageuka rangi ya kahawa, na unga wa sahani unatembea hadi kwenye vali.

Dalili ya kwanza huisikii Thika Road. Utaisikia kwenye maegesho ya ghorofa, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na gari likitambaa lenyewe bila kukanyaga mafuta. Linakaza kama handibreki imeshikwa, linaachia, linakaza tena. Tairi za nyuma zinalia kwenye sakafu laini. Ukirudi nyuma hivyohivyo, unasikia mgongano mmoja mzito chini ya kiti. Baadaye taa ya AT OIL TEMP, ile ya joto la mafuta ya giaboksi, inawaka na kuzima mfululizo baada ya kuwasha gari. Hapo kompyuta imeshaandika kosa. Usikubali kuambiwa ni bushi.

Kwenye manyuo, yaani gia za mkono, mambo ni tofauti. Katikati kuna difu ya 50 kwa 50 yenye kapulingi ya mafuta ya silikoni. Mafuta hayo yakipata joto la kusagwa muda wote yanavimba na kapulingi inakaza ekseli mbili pamoja. Ikishaharibika hubaki imekaza. Gari litakuwa linaburuta tairi kila kona, na kapulingi ya namna hiyo haifunguliwi ikatiwa mafuta mapya, inabadilishwa nzima. Legacy na Outback za CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), kuanzia 2009, zimerudi kwenye rundo la sahani, na mafuta yake ya CVT hayasamehe joto.

Kuna ushauri mmoja unaotolewa sana baada ya gari kuanza kukaza: "weka fyuzi ya FWD." Ni kweli, katika Subaru nyingi za gia nne kuna kijisanduku chini ya boneti kilichoandikwa FWD, ukichomeka fyuzi ya ampea 15, klachi ya nyuma inaachiliwa. Kiliwekwa hapo kwa ajili ya kutembea na spea ndogo hadi kwa fundi wa tairi. Ukikiacha hivyo mwaka mzima, umelipia tairi pana za nyuma kwenye gari linalosukumwa na mbele. Mpira mwingi uko mahali ambapo hakuna nguvu.

Ushauri wa kuongeza upepo kwenye tairi ndogo ili "ifikie" nyingine nao ni wa kupuuza. Tairi ya radial, aina ya kawaida siku hizi, ina mkanda wa waya chini ya meno, na mkanda huo hauvutiki. Ukipandisha kutoka 32 hadi 40 psi unapata safari ngumu na meno ya katikati yanayoisha mapema, mzingo ukibaki karibu palepale.

Kwa upande wa mikono, huduma ya Ngara inastahili sifa. Mashine za kuvulia tairi huwa na kinga ya plastiki, rimu haichunwi, na kubalansi ni kwa haraka na usahihi. Angalia tu kama vumbi la breki limefutwa kabla ya vipande vya risasi kubandikwa kwa ndani. Vikibandikwa juu ya vumbi vinang'oka ndani ya wiki na usukani unaanza kutetemeka ukifika 90.

Pale panapoharibika ni kwenye habu, kitovu cha gari ambacho rimu inaketi juu yake, na kwenye nati. Rimu nyingi za 5x100 sokoni zimetoka kwenye Toyota, kama Wish, Allion na Premio. Tundu la katikati la Toyota hizo ni milimita 54.1, habu ya Subaru ni 56.1. Rimu haiketi. Fundi akilazimisha kwa nati, rimu inakaa imeinama. Inabidi ipelekwe kwa mtu wa leithi, mashine ya kukereza chuma, aipanue hadi 56.1, siyo kusagwa kwa grainda. Rimu za kununuliwa mpya mara nyingi zina tundu la 73.1, na hizo zinataka ringi ya kujaza nafasi, 73.1 kwa 56.1, moja kwa kila gurudumu. Ringi hizo ni rahisi na ndizo husahaulika. Bila ringi, rimu inashikiliwa na nati peke yake na balansi yote uliyolipia inakuwa kazi bure.

Nati sasa. Stadi za Subaru ni M12x1.25, za Toyota M12x1.5. Nati ya Toyota inaingia kwenye stadi ya Subaru mizunguko miwili mitatu kwa mkono, kisha inagoma. Bunduki ya upepo haijui kwamba imegoma. Inaendelea na kukata meno ya stadi. Kwa hiyo nati zote 20 zianzishwe kwa mkono hadi zikae, ndipo mashine iguse. Mwisho ni toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kuvusha kama nyota, kama Nm 100 kwa Subaru za umri huu. Namba kamili iko kwenye kitabu cha gari. Kama duka halina toki renchi, hilo ni kosa la kutosha kuondoka. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kipimo cha mwisho duka halikifanyi, na kinachukua dakika kumi. Magurudumu yakishafungwa na upepo umewekwa tairi zikiwa baridi, tafuta sakafu bapa ya mita kumi na moja hivi. Chora mstari wa chaki kwenye ubavu wa tairi ya mbele ya kushoto, pale chini kabisa inapogusa sakafu, na mwingine kwenye sakafu. Gia iwe N, watu wawili wasukume taratibu huku wa tatu akihesabu. Mstari ukishuka mara ya tano, weka alama sakafuni. Pima kwa tepu ya chuma, gawa kwa tano. Fanya hivyo kwa tairi zote nne, dereva akiwa amekaa mahali pake. Utapata namba ndogo kuliko ya hesabu kwa sababu tairi imebeba uzito. Hiyo si kitu, unatafuta tofauti baina yao. Umuhimu wa chaki ni kwamba kampuni mbili zinaweza kuandika 225/50R16 ubavuni na tairi zikapishana kwa milimita kadhaa. Kwa hiyo mbele na nyuma ziwe za kampuni moja na muundo mmoja wa meno. Ukichanganya, hesabu ya kaunta haina maana tena.

Hata seti nzuri ina ugonjwa wake, na wauzaji hawautaji. Mbele ya Subaru inakula tairi haraka kuliko nyuma, injini ikiwa imelala mbele ya ekseli. Kwa seti ya kawaida ya saizi moja, unazungusha za mbele nyuma kila kilomita 8,000 au 10,000 na zinachakaa pamoja. Kwa saizi mbili huwezi. Unaweza tu kubadilisha kushoto na kulia, na hata hapo tairi yenye mshale inakataa. Mbele ikichakaa milimita 2 zaidi ya nyuma, mzingo umepishana milimita 12 na umerudi kwenye tatizo uliloliepuka dukani. Ndiyo sababu nyingine ya kuipenda 205/55 na 225/50: inaanza na mbele ikiwa kubwa kwa nusu milimita, kwa hiyo kuchakaa kwa mbele kunaisawazisha kwanza kabla ya kuivuruga. Pima kina cha meno kila kilomita 5,000. Mbele ikizidiwa kwa milimita 1, anza kutafuta tairi mbili mpya za mbele, hata kama zilizopo bado zina meno.

Pancha ya ubavuni nayo inakuwa kesi. Tairi moja mpya yenye meno ya milimita 8 kando ya mwenzake wa milimita 5 haifai. Nunua mbili, au tafuta ya mtumba ya kampuni ileile, kina kilekile. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Hapa mtumba una faida ambayo tairi mpya haina.

Mteja atasema BMW X5 inatoka kiwandani na nyuma pana, na ni ya kusukumwa na magurudumu manne. Sawa kabisa. X5 ya inchi 20 hubeba 275/40 mbele na 315/35 nyuma. Piga hesabu: 728 kwa 728.5. Upana unazidi kwa milimita 40, kipenyo kwa nusu milimita. Porsche Macan ya inchi 19, 235/55 na 255/50, inapishana milimita 3.5, na kompyuta yake imepangwa kwa tofauti hiyo. Impreza haikupangwa kwa tofauti yoyote.

X-Trail T30 na T31 zina nafuu ya swichi. Ukiiacha kwenye 2WD, kapulingi ya nyuma imelala. Honda CR-V za pampu mbili ni kinyume: pampu moja inafuata mbele, nyingine nyuma, na mbele ikizunguka haraka mfumo unadhani inateleza na kuamsha nyuma. Tairi ndogo mbele ni kuuamsha siku nzima.

Kuhusu uendeshaji, tuseme wazi: kwenye Impreza nyuma pana haiongezi kitu cha maana. Gari hili pua yake ni nzito na hutoka nje ya kona likikimbizwa. Kuongeza mshiko nyuma peke yake kunazidisha tabia hiyo. Anayetaka mshiko afunge 225/45R17 nne kwenye rimu nne za 17x7.5. Atapata kona bora na ataweza kuzungusha tairi. Anayetaka sura, na sura ni sababu halali, achukue 16 za 205 na 225.

Kwa ufungaji tunawapa nne kwa tano. Kwa upangaji wa seti, mbili. Lipa rimu na kazi, zuia pesa ya tairi za nyuma hadi chaki ipimwe. Kisha kata usukani hadi mwisho pale uani, gari likiwa kwenye R, uachie breki. Likikaza, tairi za nyuma zirudi ukutani kabla hazijaona lami.